Kalamu ya kanuni iko kwa nani? Maneno kwa mashabiki wa mbio za magari, Tanga

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni mbele ya mashabiki wa mbio za magari, hapa Chumbageni. Wenzetu wa Pangani, Muheza na Korogwe waliozuiwa na mvua wameomba wayapate yote. Nimeyaacha yalivyotoka, picha za ukutani tu ndizo sikuziweka.

Wazee wangu, shikamooni. Wagosi, dada zangu, na nyie vijana mliokaa mpaka madirishani, nawasalimu. Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa niseme juu ya ubishi uliotugawa miezi hii. Mnaujua. Kwenye gereji, kwenye kahawa kule Ngamiani, wakikutana wapenda magari wawili, dakika tano hazipiti wameshanuniana. Huyu anasema langalanga, yaani Formula One, imeuzwa kwa Wamarekani, imegeuzwa duka. Yule anamjibu kwamba bila hao Wamarekani usingeiona kwenye simu yako. Huyu anasema injini za kanuni za mwaka 2026, ambazo karibu nusu ya nguvu yake ni umeme, zimeua mchezo. Yule anasema dunia ndiko inakokwenda. Mzee anataka rali ya zamani, ya siku nyingi matopeni. Kijana anamwambia hiyo ilikuwa ya kuvunja magari tu.

Sikuja kuwaamua. Nimekuja na swali moja, na nawaomba mlibebe mpaka mwisho: kalamu iko kwa nani? Anayeandika kanuni ni nani, anakula wapi, na anaandika saa ngapi?

Nina miaka 19 nashika saa kwenye vituo vya rali. Nimesimama juani kwenye mashamba ya mkonge nikiandika dakika na sekunde za watu kwenye kadi zao. Nilichojifunza ni kwamba dereva anaweza kuvumilia kanuni ngumu. Anaweza hata kuvumilia kanuni mbaya, mradi aijue kabla hajawasha gari.

Tuanze na mali.

Ubingwa wa dunia wa langalanga ulianza mwaka 1950, mbio za kwanza Silverstone, Uingereza. Miaka ya mwanzo haki za televisheni hakuna aliyezijali. Akatokea Bernie Ecclestone, muuza magari ya mitumba aliyekuja kuinunua timu ya Brabham. Yeye aliziona. Akawaunganisha wenye timu, akapambana na wakuu wa shirikisho, na mwaka 1981 ukatiwa saini mkataba wanaouita Concorde, wa kugawana madaraka na fedha. Mkataba huo umeandikwa upya mara kadhaa tangu hapo. Umewahi kuusoma? Hata mimi sijausoma. Ni wa siri. Mezani wanakaa watatu: shirikisho la dunia la magari, yaani FIA, mwenye haki za biashara, na timu. Anayekata tiketi hana kiti.

Sasa sikilizeni hii. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tume ya Ulaya iliibana FIA. Iliwaambia: nyie ndio mnaoandika kanuni, na nyie hao hao mna maslahi kwenye mapato, haiwezekani. Mwamuzi hawezi kuwa na duka ndani ya uwanja. Na Tume ilisema kweli, wagosi. Hapo naiunga mkono kwa mikono miwili. Ikabidi FIA ijitoe kwenye biashara. Ikajitoaje? Mwaka 2001 ilikubali kukodisha haki za biashara za langalanga kwa kampuni ya Ecclestone kwa miaka 100. Miaka mia moja! Kuanzia 2011 mpaka 2110.

Wangapi humu mna hati ya kiwanja? Inueni mikono. Hati yako inasema miaka mingapi? Thelathini na mitatu, sitini na sita, tisini na tisa. Serikali yetu haimpi mtu ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Lakini mchezo unaopendwa na mamilioni ulikodishwa kwa miaka 100, kwa dola milioni 313 na ushei. Gawanya mwenyewe: dola milioni tatu na kidogo kwa mwaka. Katikati wakaingia wawekezaji wa CVC, wakavuna miaka kumi. Mwezi Januari 2017 Liberty Media ya Marekani ikakamilisha ununuzi, na thamani iliyotajwa, pamoja na madeni, ilikuwa dola bilioni 8.

Nani alitajirika hapo katikati? Wala simwonei wivu aliyefanya biashara. Kinachonisumbua ni kwamba kilichouzwa ni mapenzi yetu, na sisi tulikuwa bidhaa. Kelele za jukwaani, macho mbele ya runinga, kijana wa Makorora anayekesha kutafuta matokeo. Hivyo ndivyo vyenye thamani ya bilioni 8. Magari yenyewe ni ya timu.

Niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mwaka 2014 Ecclestone alisema waziwazi kwamba hana haja ya kuwakimbilia vijana wa mitandao, kwamba afadhali mzee wa miaka 70 mwenye fedha. Waliomfuata waliifungua milango hiyo. Leo binti yangu anamjua kila dereva kwa jina na tabia, na hajawahi kulipia king'amuzi. Mwenye mali mpya alileta heri hapo, tusimnyime sifa yake.

Kwa hiyo mwenye mali akiwa Mmarekani au Mwingereza, mimi halinisumbui. Linalonisumbua ni mali na kalamu kukaa mfuko mmoja. Tazameni NASCAR, mbio za magari za kule Marekani. Imeanzishwa mwaka 1948, na mpaka leo ni ya familia moja, familia ya France. Familia hiyo ndiyo inaandaa mbio, ndiyo inatoa kanuni, ndiyo inagawa fedha. Mwezi Oktoba 2024 timu mbili, moja ikiwa na Michael Jordan, yule nyota wa mpira wa kikapu, miongoni mwa wamiliki wake, zilikwenda mahakamani kwa madai ya kuhodhi soko. Kesi iliingia kwenye ushahidi wa wazi mwishoni mwa 2025, kisha wakapatana, na timu zikapata vibali vya kudumu vya kushiriki. Ilibidi mtu mwenye ubavu wa Jordan aende mahakamani ndipo kalamu itikisike.

Sisi Watanzania jambo hili si geni kwetu. Tulipobishana juu ya Simba na Yanga kuingia kwenye hisa, tulibishana juu ya nini? Ikasemwa wanachama wabaki na asilimia 51, wawekezaji wasizidi 49. Watu walikesha wakigombana juu ya asilimia mbili. Na hapa Tanga, nani atakubali Wagosi wa Kaya, Coastal Union yetu, wauzwe usiku, asubuhi aambiwe jezi imebadilishwa rangi? Tunaujua uchungu huo. Tunausahau tu tukifika kwenye magari, tunadhani magari ni mambo ya wakubwa.

Na mwenye mali akianguka je? Rali ya dunia iliwahi kupata mwekezaji mwaka 2011, kampuni ya Vladimir Antonov, tajiri huyo huyo aliyekuwa na klabu ya soka ya Portsmouth. Mwisho wa mwaka kampuni iko kwa mfilisi. Rali ya Monte Carlo ya Januari 2012 inakaribia kuanza, magari yapo, madereva wapo, anayesambaza picha na kutunza saa za mtandaoni hayupo. FIA ikavunja mkataba, na msimu ule ukaendeshwa kwa kuungaunga. Shabiki hakuulizwa wakati wa kuuza, na hakuulizwa wakati wa kufilisika.

Nimesema juu ya mali. Sasa niseme juu ya saa, maana saa ndiyo kazi yangu.

Tarehe 12 Desemba 2021, Abu Dhabi. Madereva wa langalanga, Hamilton na Verstappen, wanaingia mbio za mwisho wakiwa sawa, pointi 369.5 kila mmoja. Hiyo nusu pointi, mnajua ilitoka wapi? Ilitoka Spa, Ubelgiji, mwezi Agosti mwaka ule ule. Mvua ilinyesha, watu wakakaa kwenye tope kwa saa nyingi, magari yakazungushwa mizunguko michache nyuma ya gari la usalama, lile linaloongoza polepole pakiwa na hatari, hakuna aliyempita mwenzake hata mmoja, halafu wakatangaziwa kuwa mbio zimekwisha na pointi zinagawiwa nusu. Nusu pointi ile kwangu ni kovu. Watu waliolowa Spa waliibeba mpaka Abu Dhabi.

Mizunguko ni 58. Hamilton anaongoza. Mzunguko wa 53 dereva mwingine, Latifi, anagonga ukuta, gari la usalama linaingia barabarani. Verstappen anaingia kubadilisha matairi, anavaa laini mapya. Hamilton anabaki na ya zamani. Kati yao yamesimama magari matano yaliyokwisha kuzidiwa mzunguko, yaani yameachwa nyuma mzunguko mzima. Kanuni ya siku ile ilisema, magari yoyote yaliyozidiwa yakiruhusiwa kupita, gari la usalama litaondoka barabarani mwisho wa mzunguko unaofuata. Mkurugenzi wa mbio alifanya nini? Kwanza alisema hayatapita. Kisha akayaruhusu matano tu, yale yaliyosimama kati ya wawili hao, mengine yakabaki. Na gari la usalama akaliondoa mzunguko ule ule. Ukabaki mzunguko mmoja. Matairi mapya yakayapita ya zamani. Ubingwa ukahama.

Miezi mitatu baadaye, Machi 2022, ripoti ya FIA yenyewe ikasema lilikuwa kosa la kibinadamu, lakini matokeo yanabaki. Na kanuni ikarekebishwa. Ilirekebishwaje? Mahali palipoandikwa "magari yoyote" pakaandikwa "magari yote". Yoyote. Yote. Neno moja, ndugu zangu! Ubingwa wa dunia ulipita kwenye tundu la neno moja.

Najua humu wamo watu wa Verstappen. Mwanangu, mimi simnyang'anyi ubingwa wake. Aliendesha vizuri mwaka mzima, na ule mzunguko wa mwisho aliupita kwa ujasiri. Nasema juu ya kalamu. Siku ile kalamu iliandika wakati magari yako barabarani.

Kuna mtu amenyoosha mkono pale nyuma. Ndiyo, kaka. Anauliza: je, kanuni ya usalama nayo isubiri mwaka mpya, watu wafe?

Hapana. Na umenikamata mahali pazuri, nikae hapo kidogo.

Mwaka 1986 magari ya rali ya Kundi B yalikuwa na kasi ambayo sisi mashabiki tuliiabudu. Watu walisimama katikati ya barabara, wakanyoosha mkono waliguse gari linavyopita. Ureno, mwezi Machi, gari likaacha njia likaingia kwenye umati na watazamaji wakafa. Mwezi Mei, Corsica, Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto wakateketea. Haikungojwa tume. Ikatangazwa mara moja kwamba magari yale mwisho wake mwaka ule. Wapo mashabiki mpaka leo wanaolia kwamba mchezo uliuliwa. Mimi nasema hapo kalamu iliandika kwa haki. Ningesema hivyo hata kama asingekufa dereva. Aliyekufa Ureno alikuwa amesimama pale tunaposimama sisi.

Halafu ile fremu ya juu ya kichwa cha dereva, inaitwa halo, iliyoletwa langalanga mwaka 2018. Nani humu aliipinga? Mimi niliipinga. Niliona inaharibu sura ya gari, nikawaambia wengi humu kwamba mchezo umekwisha. Hata madereva kadhaa waliipinga, Romain Grosjean akiwa mmoja wao. Tarehe 29 Novemba 2020, Bahrain, mzunguko wa kwanza, gari la Grosjean likapasua ukuta wa vyuma, likakatika vipande viwili, likawaka. Alikaa ndani ya moto sekunde 28. Nilikuwa nimesimama mbele ya runinga nyumbani, nahesabu. Kazi yangu ni kuhesabu sekunde, na sijawahi kuhesabu sekunde ndefu kama zile. Akatoka kwa miguu yake. Bila fremu ile, kichwa chake ndicho kingekutana na kile chuma. Nilikosea, na nimekuja kulisema mbele yenu kwa sababu ndipo niliposema lile la kwanza.

Kwa hiyo, kaka, jibu langu: ya kuokoa roho, iandikwe hata usiku wa manane, na sababu isemwe mbele za watu. Ya kunogesha mchezo, isubiri.

Maana kuna zile za kunogesha. Mwaka 2014 walisema mbio za mwisho zitoe pointi mara mbili, ili ubingwa uchelewe kuamuliwa. Mwaka mmoja, wakaiacha. Mwaka 2016 wakaleta mfumo wa kupanga foleni ya kuanzia ambamo dereva aliondolewa mmoja mmoja kila dakika moja na nusu. Australia, dakika za mwisho barabara ilikuwa tupu, magari yamekwisha kuegeshwa, saa inahesabu hewa. Mashabiki walipiga kelele dunia nzima. Chama cha madereva kikatoa barua ya wazi kusema namna ya kufanya maamuzi imepitwa na wakati. Wakarudia Bahrain kwa ukaidi, na China mfumo wa zamani ukarejea. Mbio mbili tu! Nani aliyekuambia kelele zako hazifiki?

Na rali yetu wenyewe, Safari? Nayo imebadilishwa, tena sana. Ilianza mwaka 1953, Kenya, Uganda na Tanganyika, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Ilipita humu mwetu. Mzee mmoja wa Korogwe alinisimulia walivyokesha kando ya barabara kuu wakiwa na mataa ya kandili, gari likinasa wanaingia matopeni kulisukuma, dereva akifika mbele anapungia kundi zima. Joginder Singh aliishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000 kwenye barabara zilizo wazi, na mwaka 1963 na 1968 yalimaliza magari saba tu. Baada ya 2002 ikaondolewa kwenye ubingwa wa dunia kwa kukosa fedha, ikarudi mwaka 2021 kule Naivasha, kilomita za mashindano hazifiki 400. Mzee yule aliniuliza, "Mwanangu, hii ndiyo ile?" Sikuweza kumjibu. Barabara za leo zina mabasi, bodaboda na watoto wa shule, huwezi kumwachia mtu akimbize gari humo. Lakini hata hivyo swali lake lilinikaa. Aliyelisukuma gari usiku, alipewa lini nafasi ya kusema anachokumbuka?

Nimalizie na la hapa hapa kwetu. Sitataja jina la waandaaji, na anayewajua namwomba asiwataje.

Miaka kadhaa nyuma, rali yetu moja ya mkoa huu, nilipangiwa kituo cha kutokea matengenezo. Mnajua kanuni: ukichelewa kufika kituoni, kila dakika ni sekunde 10. Ukiwahi ni mbaya zaidi, kila dakika ni dakika nzima. Kwa hiyo dereva anaishi kwa ratiba aliyopewa. Usiku, watu wamelala, ratiba ikabadilishwa. Muda wa matengenezo ukapunguzwa. Karatasi ya marekebisho ikabandikwa ukutani kwenye hoteli ambamo madereva wakubwa walilala. Kila timu ilitakiwa isaini kwamba imeipokea. Hawakuzungushwa kusaini.

Alikuwepo kijana kutoka Muheza, na Subaru kuukuu aliyoijenga na nduguye, fedha za matairi walichangiwa na jirani. Wao walilala ndani ya gari, kando ya shamba. Asubuhi anatoka kwenye matengenezo akiwa na uhakika amefika kwa dakika yake. Mimi nikatazama ratiba niliyokabidhiwa alfajiri. Amechelewa dakika nne. Sekunde 40. Nikaandika. Jioni aliikosa nafasi ya pili kwa sekunde 11.

Alikuja kwangu. Hakunitukana. Aliniomba nimwonyeshe saa. Nikamwonyesha. Akaiangalia, akaangalia ya kwake mkononi, zikawa sawasawa. Akasema tu, "Saa zinaelewana, mzee." Akaondoka. Tangu siku ile sijamwona akikimbia tena.

Ndiyo maana nimewaandalia barua pale mezani, kwa waandaaji wa rali ijayo. Inaomba kila marekebisho yabandikwe kwa Kiswahili mahali madereva wote na watazamaji wanapopita, yaandikwe namba, tarehe na saa ya kubandikwa, na yasainiwe na kila timu. Inaomba watuambie mwenye rali ni nani na fedha za udhamini zimekwenda wapi. Na inaomba kamba za watazamaji zifungwe kabla gari la kwanza halijaingia shambani. Atakayekubaliana nayo asaini, asiyekubaliana aje tubishane.

Na hii hapa ni ile karatasi yenyewe. Niliibandua jioni ile, nimeitunza. Nitaipitisha, tuanze na safu ya nyuma. Ishikeni taratibu, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Tazameni juu kulia, pameandikwa "Saa ya kubandikwa", na mbele yake kuna mstari. Mstari huo hauna kitu.